Kuunganisha Kesi

Oili inapovuja kwenye injini ya pikipiki, kitu cha kwanza kununuliwa huwa ni tyubu ya silikoni. Pita kijiwe chochote cha bodaboda, uiname kidogo, utaziona injini zilizopakwa gundi nyekundu, nyeusi au ya kijivu kwa nje, tabaka juu ya tabaka, na chini ya matabaka hayo oili inaendelea kudondoka. Gundi ile haina kosa. Imepewa kazi isiyo yake. Oili huzuiwa na nyuso mbili za aluminiamu zilizo bapa na safi, zikabanwa kwa nguvu iliyo sawa kila upande. Gasketi na gundi huja baadaye, kumalizia pale ambapo chuma chenyewe kimeshafanya sehemu kubwa ya kazi. Fundi wa kukalafati majahazi analijua hili kuliko mtu yeyote: pamba yenye mafuta anayoigongomea kati ya mbao inashika kwa sababu seremala alizikalisha mbao zile vizuri kabla yake, na mbao zikikaa vibaya hakuna pamba itakayoziokoa.

Katika sura hii injini imeshapasuliwa, krenki imeshatoka kwa fundi wa kupresi ikiwa na koneti mpya, beringi na sili mpya zipo mezani, na zile nusu mbili za kesi zinasubiri kurudiana. Kazi hii inafanyika nyumbani. Inataka meza isiyotikisika, mwanga wa kutosha, siku nzima isiyo na haraka, na zana ambazo nyingi unazo tayari. Nitaifuata injini moja, Honda CG125, nikitoka kidogo pale zingine zinapotofautiana nayo.

Nimeichagua CG kwa sababu. Honda waliitoa mwaka 1976, baada ya wahandisi wao kuona jinsi pikipiki zinavyotumika katika nchi ambazo oili hubadilishwa pesa ikipatikana na mzigo haupimwi. Injini ndogo za Honda za wakati huo, zenye kamshafti juu ya silinda hedi na cheni ya kuizungusha, zilikuwa zinachakaa mapema katika mazingira hayo. Wakairudisha kamshafti chini, karibu na krenki, izungushwe na gia, na valvu zifunguliwe kwa fito. Ukubwa wake ni sentimita za ujazo 124, pistoni ya milimita 56.5 ikisafiri milimita 49.5. Huko Brazil, kwenye kiwanda kipya cha Manaus, ndiyo ilikuwa pikipiki ya kwanza ya Honda kuundwa nchini humo, na Pelé mwenyewe aliitangaza. Pakistan imeendelea kuiunda hadi miaka hii ya karibuni. Wachina wakainakili, na nakala zile ndizo zilizojaza barabara zetu bodaboda ilipoanza kushamiri: pikipiki nyingi za Kichina zenye injini ya fito ni wajukuu wa CG. Kwa hiyo anayemiliki CG ya zamani iliyolala stoo ana bahati. Spea zake, au zinazokaribiana nazo sana, zipo Gerezani na Kariakoo, zipo Kirinyaga Road, zipo hata kwenye miji midogo.

Kesi ya CG imegawanywa kwa wima, kushoto na kulia, kama zilivyo injini nyingi za silinda moja. Katikati kuna gasketi ya karatasi. Kwenye gasketi hii nataka tukae kidogo, maana ndiyo inayodharauliwa kuliko kitu kingine chochote ndani ya pakiti.

Krenki, shafti mbili za gia na dramu ya kubadilishia gia zote zimelala kati ya nusu hizo mbili, kila moja imeshikwa na beringi au tundu la upande huu na la upande ule. Nafasi iliyopo kati ya kuta mbili imepimwa kiwandani, na unene wa karatasi ni sehemu ya kipimo hicho. Ukikata gasketi yako kutoka kwenye boksi nene, shafti zitapata mchezo wa kwenda kushoto na kulia kupita kiasi, na gia zitaanza kuchomoka njiani. Ukiiacha kabisa na kutumia silikoni peke yake, kuta zitakaribiana, shafti zitabanwa kwa pembeni, na beringi mpya zitaunguruma kabla ya mwezi kuisha. Wapo wanaofanya hivyo kila siku, pikipiki zikatembea, na hilo ndilo linalowapa ujasiri. Lakini injini ya zamani inastahili zaidi ya kutembea tu. Pima gasketi ya zamani kwa mikromita au venia pale ambapo bado ni nzima, kisha nunua au kata ya unene uleule. Ukikata mwenyewe, tumia karatasi maalumu ya gasketi inayouzwa kwa mita, na matundu ya bolti yatoboe kwa kitoboleo cha bomba. Usigonge kingo za kesi kwa kichwa cha nyundo ili karatasi ikatike. Ni njia ya haraka inayoonekana kwenye gereji nyingi, na kila pigo huacha ukingo wa aluminiamu ukiwa umelala upande.

Sasa usafi, ambao utakula muda kuliko kufunga kwenyewe.

Gasketi ya zamani huwa imeshikana na chuma kwa miaka. Ilainishe kwa dawa ya kuondolea gasketi, au kwa kitambaa kilicholowa thinner, uiache inywe, kisha ikwangue kwa kipande cha mbao ngumu kilichochongwa, plastiki ngumu, au wembe ulioulaza karibu sambamba na uso. Bisibisi ikae mbali. Aluminiamu ni laini kuliko watu wanavyodhani, na mkwaruzo mmoja unaokatiza kutoka ndani hadi nje unatosha kuwa mfereji wa oili. Msasa wa kuzungushwa kwa mashine nao ukae mbali. Unga wake ni chembe zilezile zinazokata chuma, zikijificha kwenye beringi au njia za oili zitaendelea kukata humo humo, na hata mashine ikishikwa kwa uangalifu huchimba mabonde ambayo jicho halioni.

Uso ukishakuwa safi, pitisha ukucha. Ukihisi mkwaruzo, fahamu umeumbwaje: pana bonde, na pembeni ya bonde pana vilima viwili ambako chuma kilisukumwa juu. Bonde dogo gasketi italijaza. Vilima ndivyo vinavyoziinua nusu mbili zisikutane. Chukua jiwe la kunolea lenye chembe laini, litie mafuta kidogo, lilaze bapa na lipitishe juu ya uso bila kulikandamiza. Litagusa vilima tu na kuvisawazisha, uso mwingine utabaki kama ulivyo. Kazi hii ya jiwe ninaipenda kwa dhati, maana inatibu kile kilichoharibika bila kugusa kizima.

Kujua kama uso mzima ni bapa, tafuta kioo kinene cha dirisha, cha milimita 6 au zaidi, ukilaze juu ya meza iliyonyooka. Ondoa zile pini mbili zinazoongoza nusu za kesi zikutane sawasawa, weka nusu ya kesi juu ya kioo uso ukitazama chini, na ubonyeze pembe moja baada ya nyingine. Ikiyumba, imepinda au ina kilima ulichokiacha. Ingiza filageji nyembamba pale inapoinuka ujue ni kiasi gani. Kava za pembeni, ile ya klachi na ile ya magneti, unaweza kuzisugua kwa msasa namba 400 ulioulaza juu ya kioo, ukizizungusha kwa umbo la nane, mpaka alama za kalamu ulizochora usoni zifutike zote pamoja. Lakini nyuso za kati, zinazobeba krenki, usizifanyie hivyo. Ukizipunguza umebadilisha nafasi za shafti, na matundu ya beringi yanaweza yasikutane tena. Kesi ya kati iliyopinda sana ni ya kupeleka kwa fundi wa mashine ya kukatia chuma, au kutafutiwa jozi nyingine. Na ukitafuta, tafuta jozi kweli: matundu ya beringi hulinganishwa kwa nusu mbili za jozi moja, kwa hiyo nusu ya injini hii na nusu ya injini ile huenda zikafanana kwa macho tu.

Matundu ya bolti yana jambo lake. Bolti nyingi za kesi hii ni za M6, nyuzi zake zikienda milimita 1 kila mzunguko. Pitisha tapu ya M6 kwa mkono, taratibu, kutoa gundi na uchafu, kisha puliza kwa hewa au nyonya kwa sindano ya hospitali. Tundu lisilotokea upande wa pili likibaki na oili chini, bolti inapoingia oili haina pa kwenda, na nguvu yake inaweza kuipasua aluminiamu kutoka ndani. Nyuzi zilizokufa zitengeneze sasa kwa kuingiza nyuzi za chuma za kusokota. Usizipeleke mpaka siku ya kufunga ukitumaini zitashika. Bolti moja isiyokaza inatosha kufungua njia ya oili katikati ya mbili zinazokaza.

Bolti zenyewe zina urefu tofauti. Wakati wa kufungua ulitakiwa uwe umechora umbo la kesi juu ya boksi na kuichomeka kila bolti mahali ilipotoka. Kama injini ilikujia ikiwa vipande ndani ya ndoo, chomeka kila bolti katika tundu lake bila kukaza na utazame zinavyobaki: zote zinapaswa kutokeza nje kwa urefu ulio karibu sawa. Inayozama ni fupi, itashika nyuzi chache na kuzing'oa. Inayochomoza sana itagonga mwisho wa tundu kabla ya kubana kitu.

Beringi huingia kwa joto. Aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha beringi, na hapo ndipo fundi wa nyumbani anapopata nguvu kuliko nyundo. Chukua beringi ya namba 6304, ambayo duka lolote la beringi linayo: kipenyo chake cha nje ni milimita 52. Kesi ikipashwa kutoka nyuzi 30 hadi 120, tundu la ukubwa huo hutanuka kwa takribani milimita 0.1, na beringi iliyokuwa inakataa kuingia itadondoka yenyewe kwa uzito wake. Tumia oveni ya jikoni, kesi ikiwa imeoshwa vizuri ili chakula cha kesho kisinuke petroli. Kama huna oveni, iweke juu ya bamba la chuma juu ya jiko, ukiigeuza mara kwa mara. Dondosha tone la maji: likirukaruka na kutoweka, joto linatosha. Moto wa gesi ya kuchomelea usiutumie. Unapasha sehemu moja tu, na kesi inaweza kupinda palepale ulipohangaika kupanyoosha. Beringi nazo unaweza kuzilaza friza usiku kucha, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri. Kwa wakazi wa pwani mfuko huo ni wa lazima, maana chuma baridi kikikutana na hewa ya Tanga au Mombasa hulowa umande mara moja. Beringi ikiingia, ibonyeze kwa kutumia ringi yake ya nje ikae mpaka chini, uishike hivyo mpaka kesi ianze kupoa.

Kesi ikishapoa kabisa, iweke nusu moja juu ya vipande viwili vya mbao, ndani ikitazama juu, na chini pawe na nafasi ya ncha ya krenki kupenya. Mimina matone ya oili mpya kwenye kila beringi. Ingiza krenki ikiwa wima. Ingiza shafti mbili za gia zikiwa zimeshikana kama zilivyotoka, dramu, na uma zake, kila uma katika mfereji wake. Ikiwa injini yako inaiweka shafti ya kiki humu ndani, nayo iingie na springi yake ikae mahali pake. Hesabu washa nyembamba za kwenye ncha za shafti, na uiangalie nusu ya pili ya kesi kama kuna iliyobaki imenata kwenye beringi kwa oili. Hupenda kujificha hapo, na ndizo zinazosahaulika kuliko kitu kingine chochote humu ndani.

Kabla ya kufunika, zungusha dramu kwa mkono huku ukizungusha shafti, upite gia zote kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho na kurudi, pamoja na nyutro. Nusu ya pili ikiwa haijafunikwa, shafti zitalegea kidogo, hilo ni la kawaida. Unachotafuta ni kila gia kuingia na kutoka bila kugoma. Kurekebisha uma uliogeuzwa sasa ni kazi ya dakika. Kesho itakuwa ya siku nzima na gasketi nyingine.

Sasa gundi, ambayo wengi wangeanza nayo.

Ikiwa una gasketi nzuri ya karatasi na nyuso ulizozitengeneza kama tulivyosema, ipake grisi nyembamba au oili pande zote mbili na inatosha. Grisi huizuia karatasi isikunjike nusu mbili zinapokutana, na siku ya kufungua tena itabanduka nzima. Ukitaka gundi, pengine kwa sababu ya makovu yaliyobaki, chagua ile ya kupaka nyembamba isiyokauka ikawa kama jiwe. Hylomar, iliyotengenezwa kwa kushirikiana na Rolls-Royce kwa ajili ya injini za ndege, ni ya aina hiyo. ThreeBond ya Japani hutengeneza gundi za kijivu ambazo viwanda vya pikipiki vya huko huzitumia kwenye kesi zisizo na gasketi. Silikoni ya kawaida ina tabia mbili za kuzijua. Kwanza, hukauka kwa kunyonya unyevu wa hewa, kwa hiyo Dar es Salaam huanza kushika ngozi mapema kuliko Dodoma wakati wa kiangazi, na ikishashika ngozi kabla hujafunga, umechelewa: ifute uanze upya. Pili, ile inayonuka siki inatoa tindikali inapokauka, na tindikali hiyo si rafiki wa chuma. Kwa injini nunua isiyo na harufu hiyo, iliyoandikwa kwamba inahimili oili.

Kiasi chake ndicho kinachoamua. Paka kwa kidole mpaka uso ubadilike rangi tu, uweze kuona chuma chini yake. Karibu na vitundu vya kupitishia oili acha milimita kadhaa bila gundi kabisa. Ile unayoiona imechomoza nje kama mnyoo, fahamu kwamba mwenzake yuko ndani, wa unene uleule. Atakatika siku moja akielea kwenye oili, afike kwenye kichungio cha waya kilicho chini ya injini, au kwenye kitundu kinachopeleka oili juu kwa roka. CG hubeba takribani lita 1 tu ya oili, na lita hiyohiyo inalainisha krenki, gia na klachi. Haina akiba ya kusamehe kichungio kilichozibwa. Injini ngapi zimekufa kwa kukosa oili huku zikiwa hazivuji hata tone, kwa sababu aliyezifunga aliogopa uvujaji kuliko kifo cha krenki! Linaniuma, maana ni vifo vya bure.

Zipo injini ambazo hazina gasketi ya kati kabisa. Triumph za Uingereza za silinda mbili, kama Bonneville ya mwaka 1959, hugawanywa kwa wima, chuma kwa chuma, na sifa yao ya kudondosha oili imezunguka dunia. Honda CB750 ya mwaka 1969 iligawanywa kwa ulalo, krenki na shafti zikilala kwenye mstari mmoja wa mgawanyo, ili sehemu kubwa ya mshono isimamiwe na bolti nyingi zilizopangwa karibu karibu, na pikipiki hiyo iliwashangaza wengi kwa kubaki kavu. Kwenye injini za namna hiyo gundi ina kazi kubwa zaidi, na kila tulichosema juu ya ubapa kinahesabika mara mbili. Usichukue gasketi ya kujikatia ukaiweka mahali ambapo kiwanda hakikuweka kitu. Umebadilisha kipimo cha kila beringi.

Rudisha pini mbili za kuongozea. Laza gasketi. Shusha nusu ya pili wima, ukizielekeza ncha za shafti katika beringi zake, na uigonge kwa nyundo ya mpira huku na huku. Inapaswa kushuka mpaka chini kwa mkono na nyundo hiyo peke yake. Ikisimama ikiwa imebaki milimita 2 au 3, hamu ya kuchukua bolti na kuivuta itakujia, na bolti zitaivuta kweli. Usikubali. Kuna washa imelala upande, au pini ya uma imechomoka, au beringi haijafika chini. Inyanyue, tazama, rudia. Kesi zilizopasuka masikioni, zile ninazoziona zikirundikwa kwenye mabanda ya skrepa, nyingi zilivutwa na bolti.

Ikishakaa, ingiza bolti zote kwa vidole. Kaza kwa mizunguko mitatu, ukianzia katikati karibu na krenki na kutoka nje kwa kukatiza, kushoto kisha kulia, juu kisha chini. Mwisho wa bolti za M6 kwenye kesi ya namna hii ni takribani Nm 10. Asiye na spana ya toki asiwe na wasiwasi. Chukua spana yenye urefu wa sentimita 20 kutoka kwenye bolti hadi mahali pa kushika, ifungie mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza samaki, na uivute ikiwa pembe mraba. Mizani ikisoma kilo 5, umefika. Fanya hivyo kwa bolti chache za mwanzo, mkono wako utaijifunza nguvu hiyo na utashangaa ilivyo ndogo. Wengi wetu tumezoea kukaza M6 kama tunafunga tairi la lori.

Zungusha krenki huku ukiishika koneti ili isigonge kingo za kesi. Izunguke laini, uzito ukiwa sawa mduara mzima. Ikiwa nzito, gonga ncha zake kwa nyundo ya mpira, mara moja kila upande. Mara nyingi beringi imebanwa kidogo kwa pembeni kutokana na kufunga, na pigo hilo linaikalisha katikati. Pitia gia zote tena. Hapo ndipo ujiridhishe au ufungue. Baadaye, unapoipanga gia ya kamshafti, nukta iliyochongwa juu yake itazamane na nukta ya gia ndogo ya krenki, na uzungushe mizunguko miwili kamili kuhakikisha zinakutana tena.

Sasa tazama mdomo wa silinda. Gasketi ya kati imechomoza hapo kama ulimi, upande wa mbele na upande wa nyuma. Uikate kwa wembe mpya, usawa kabisa na chuma, wala isizame chini ya uso. Ikibaki juu kwa unene wa ukucha, gasketi ya chini ya silinda itakaa juu yake na kuacha mwanya pande zote mbili. Ikizama, utakuwa na shimo. Katika makutano hayo mawili, mahali nusu mbili za kesi na silinda zinapokutana, weka chembe ya gundi, kiasi cha punje ya mchele. Hapa gundi ina haki yake kamili, kwa sababu hakuna uso wowote uliochongwa unaoweza kufunga pembe ile. Uvujaji mwingi wa oili unaoitwa wa gasketi ya silinda huanzia hapa.

Sili za mpira za ncha ya krenki, shafti ya sproketi na fimbo ya gia ziingie mwisho, baada ya joto na gundi kuisha. Mdomo wenye springi utazame kwenye oili. Pakaa grisi. Funika meno na mifereji ya shafti kwa selotepu nyembamba kabla ya kupitisha sili, ili ncha kali zisiukate mdomo. Shafti yenye kifereji kilicholiwa na sili ya zamani, ikalishe sili mpya ndani zaidi au nje kidogo kama nafasi inaruhusu, mdomo upate chuma kipya cha kushika.

Kuna kitu kimoja kinachoiharibia sifa kazi nzuri ya kufunga kesi: tundu la kupumulia. Pistoni ya CG inaposhuka, husukuma sentimita za ujazo 124 za hewa ndani ya kesi, mara elfu kadhaa kwa dakika, na juu ya hiyo kuna gesi inayopenya pembeni mwa ringi. Hewa hiyo ina mpira wake wa kutokea. Mpira ukizibwa na tope, ukibanwa na fremu, au ukifungwa na mtu aliyedhani ni uvujaji, shinikizo litatafuta mlango mwingine, na mlango ulio rahisi ni sili ya krenki au mshono wa kesi. Puliza mpira huo kwa mdomo kabla ya kulaumu gasketi yoyote. Injini iliyochoka ringi itavuja hata ikifungwa na malaika, na dawa yake ni silinda.

Iache injini saa 24 kama ulitumia gundi, maana silikoni hukauka kwa milimita chache tu kwa siku. Weka oili. Piga kiki mara nyingi bila kuwasha, plagi ikiwa imetolewa, oili ipande juu mpaka uione kwenye roka. Kisha osha nje ya injini kwa petroli, ikauke, na upake unga wa chaki kwenye mishono yote. Washa, iache ipate moto, uzunguke nayo mtaani kwa upole. Mstari wowote wenye giza juu ya chaki utakuonyesha oili inatokea wapi hasa, kabla upepo haujaipeleka nyuma na kukudanganya kwamba inatoka chini. Jasho la siku ya kwanza karibu na pembe za gasketi lifute, ulitazame tena baada ya siku mbili. Usikimbilie kukaza bolti injini ikiwa ya moto. Subiri ipoe kabisa, upime kwa nguvu ileile ya Nm 10, na ikiwa bolti haisogei, iache.

Oili hii ya kwanza usiihesabie kilomita za kawaida. Imwage baada ya safari chache fupi, ikiwa bado ya moto, ndani ya beseni jeupe. Toa kichungio cha waya ukitandaze juu ya kitambaa. Unga wa kijivu unaong'aa ni wa vipuri vipya vinavyozoeana. Vipande vya karatasi, nyuzi za kitambaa au ngozi za gundi vitoe kimoja kimoja, osha kichungio kwa petroli, kirudishe, jaza oili mpya, na ukikague tena katika ubadilishaji unaofuata.